Kisiwa cha Wavuvi Kilichoandika Vitabu

Upande wa kusini-magharibi wa nchi ya Ayalandi umekatwakatwa na bahari hata katika ramani waonekana kama vidole vya mkono vilivyonyoshwa majini. Kimoja cha vidole hivyo ni rasi ya Dingle, katika jimbo la Kerry. Huko milima hushuka moja kwa moja mpaka baharini, na mahali paitwapo Slea Head njia ya gari imechongwa ubavuni mwa jabali: upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili genge, na chini yake mawimbi ya Atlantiki yakipasuka na kurusha povu. Wenyeji hufanya mzaha kwamba parokia ya jirani yao upande wa magharibi ni Marekani.

Anayeifuata njia hiyo hukuta kazi za mikono ya watu wa kale. Kuna vibanda vya mviringo mfano wa mizinga ya nyuki, vilivyojengwa kwa mawe matupu bila chokaa. Mbele kidogo, huko Gallarus, kuna kanisa dogo lenye umbo la mashua iliyopinduliwa, nalo limejengwa vivyo hivyo, wala halijaanguka. Liko pia boma la Dunbeg, lililosimama ukingoni kabisa mwa genge. Boma hili bahari inalila kidogo kidogo. Katika dhoruba za majira ya baridi ya 2013 na 2014 kipande chake kingine kiliporomoka.

Lakini jambo lililoipa pwani hii sifa kubwa zaidi haliko nchi kavu. Kutoka kijiji cha Dunquin mtu huona mbele yake visiwa vya Blasket, na kilicho kikubwa kati yavyo huitwa Great Blasket. Urefu wake ni kama maili 3, upana wake hauzidi sana nusu maili, na kilele chake chapata futi 950. Ni mlima tu uliozungukwa na maji.

Mlango wa bahari ulio kati ya kisiwa na bara ni mwembamba, nao una miamba iliyojificha na mkondo mkali. Wahispania waliujua kwa uchungu mwaka 1588. Mfalme wao, Philip wa Pili, alikuwa ametuma kundi kubwa la manowari kwenda kuishambulia Uingereza; zikashindwa, nazo zikalazimika kurudi kwao kwa kuzunguka Scotland na Ayalandi, huku dhoruba zikizipiga. Moja yao, Santa María de la Rosa, iliingia katika mlango huo mwezi wa Septemba, ikagonga mwamba, ikazama mara moja. Katika mamia ya watu waliokuwamo alipona mmoja tu. Mabaki yake wapiga mbizi waliyapata mwaka 1968.

Maji hayo hayo ndiyo wenyeji wa kisiwa waliyoyavuka kwa makasia kila walipohitaji unga, chumvi, kasisi au daktari. Chombo chao kiliitwa naomhóg. Msomaji asidhani ni mtumbwi wa gogo lililochongwa. Ni fremu ya fito nyembamba iliyovikwa turubali na kupakwa lami, nyepesi hata wanaume watatu au wanne waliweza kuibeba vichwani. Waliishi kwa kuvua samaki na kamba wakubwa, kuwinda sungura na sili, na kulima viazi katika udongo kidogo waliourutubisha kwa mwani. Miti hapakuwapo, walichimba mlimani udongo mweusi wa majani yaliyooza, wakaukausha, wakaufanya kuni. Walikuwa pia na mtu waliyemwita Mfalme. Wa mwisho alifariki mwaka 1929, na kazi yake ilikuwa kuvuka bahari kuleta barua. Nadhani ni wafalme wachache waliowafaa raia zao kiasi hicho.

Lugha yao ilikuwa Kiairishi. Bara, tangu njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, iliyoua watu wapatao milioni moja na kuwafukuza wengine zaidi ya hao kwenda ng'ambo, lugha hiyo ilikuwa ikirudi nyuma mbele ya Kiingereza. Watu wengi waliiona kuwa ni alama ya umaskini. Wataalamu waliotaka kuisikia safi walianza kuja kisiwani: Carl Marstrander kutoka Norway mwaka 1907, kisha Robin Flower wa Makumbusho ya Uingereza, na baadaye George Thomson, mwanafunzi wa Kiyunani cha kale. Hawa walikuja kama wanafunzi, wakakaa jikoni kando ya moto, wakafundishwa na wavuvi.

Mwalimu wao mkubwa alikuwa Tomás Ó Criomhthain. Shuleni alifundishwa kusoma Kiingereza tu; lugha aliyoinyonya kwa mama yake alijifunza kuisoma na kuiandika akiwa mtu mzima. Alizaa watoto kumi, akazika wengi wao. Mmoja alianguka gengeni akitafuta makinda ya ndege. Mwingine alizama mwaka 1909 akijaribu kumwokoa msichana mgeni aliyekuwa akiogelea. Rafiki mmoja alipomsomea habari za wakulima na wavuvi wa nchi nyingine, Tomás alitambua kwamba maisha yake mwenyewe yaweza kuwa kitabu. Kilitoka mwaka 1929 kwa jina An tOileánach, yaani Mtu wa Kisiwani. Vifo vya watoto wake amevieleza humo kwa maneno machache sana, naye haombi kuhurumiwa.

Baada yake alifuata Muiris Ó Súilleabháin, kijana aliyekuwa askari polisi, na kitabu chake cha mwaka 1933 kina furaha nyingi zaidi. Mwaka 1936 kikatoka cha Peig Sayers, mama aliyeolewa kisiwani akitokea Dunquin, ambaye maneno yake yaliandikwa na mwanawe. Vitabu hivi vyote vimefasiriwa kwa lugha za kigeni. Kijiji kile hakikupata kuwa na watu mia mbili.

Mwaka 1916 waliokuwapo walikuwa 176. Kisha vijana wakaanza kwenda Marekani, hasa mji wa Springfield katika jimbo la Massachusetts, na kila aliyekwenda alituma nauli ya ndugu yake. Shule ilifungwa mwaka 1941 kwa kukosa watoto. Mwanzoni mwa mwaka 1947 kijana mmoja aliugua homa ya uti wa mgongo. Bahari ilichafuka, daktari hakuweza kufika wala kasisi, naye akafa. Mwezi wa Aprili mwaka huo dhoruba iliwafungia tena, na wenyeji wakampelekea Waziri Mkuu, Eamon de Valera, simu ya maandishi kwamba hawana chakula. Aliwatembelea mwenyewe wakati wa kiangazi. Wakamwomba wahamishwe.

Sisi tunaoshughulika na mafaili twajua jinsi ombi liwezavyo kutembea polepole kutoka meza hata meza. Serikali ilibadilika mwaka 1948, ikabadilika tena mwaka 1951, na wazee walikuwa bado wanaitazama bahari. Wako wasemao kwamba serikali ingalijenga gati nzuri na kuwapa mashua yenye mtambo, watu wasingaliondoka. Pengine, lakini gati haizai watoto, na katika miaka ile ya mwisho kisiwani alikuwapo mtoto mmoja tu.

Tarehe 17 Novemba 1953 mashua ya uvuvi ilitoka Dingle kwenda kuwachukua. Walikuwa wamebaki watu 22. Mawimbi yalikuwa makubwa, na vyombo vingi vya nyumbani havikuweza kupakiwa. Walipewa makao huko Dunquin, mahali ambapo kila asubuhi wakifungua mlango walikiona kisiwa chao.

Siku hizi, bahari ikitulia, mashua huwapeleka wageni kutazama mahame yale. Kuta za mawe zingalipo, nyingi hazina paa. Katika mchanga mweupe ulio chini ya kijiji, sili hulala kwa mamia wakiota jua.