Programu huria na prosesa mpya: somo kutoka Tabaka

Vifaru na visahani vya mawe ya sabuni vinavyouzwa kwa watalii hapa Mombasa, mawe yake yanatoka Tabaka, kaunti ya Kisii. Sasa mpe fundi wa Tabaka mchoro wa kifaru, kisha mchoro uo huo umpe fundi wa ushirika wa Akamba pale Changamwe. Mmoja atachonga jiwe, mwingine atashika tezo achonge mti. Mchoro ni mmoja, kazi ni mbili, na kifaru cha jiwe hakigeuzwi kikawa cha mti.

Programu za kompyuta ni hivyo hivyo. Prosesa, ule ubongo wa mashine, ina lugha yake ya amri. Kompyuta nyingi za mezani hufuata amri za ukoo wa Intel, simu zetu karibu zote hufuata za ARM. Sasa imeingia RISC-V, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010, ambayo kiwanda chochote kinaweza kuitumia bila kulipia leseni. Kampuni inayouza programu hukupa kifaru kilichokwisha chongwa. Programu huria hukupa na mchoro.

Lakini mchoro peke yake hautoshi, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Kompaila, yaani programu inayogeuza mchoro kuwa amri za mashine, lazima kwanza ifundishwe prosesa mpya. Halafu kiini cha Linux. Halafu vifurushi, kimoja kimoja, kila kimoja na vituko vyake: huyu aliandika akidhani anwani ya kumbukumbu daima ni biti 32, yule alipachika amri za Intel katikati ya kazi yake. Mtu lazima akae, ajaribu, arekebishe. Debian, mfumo unaotengenezwa na watu wa kujitolea, una vifurushi zaidi ya 69,000. Uliipokea RISC-V rasmi katika toleo la 13, Agosti 2025, baada ya miaka ya kazi hiyo.

Toleo hilo hilo likafunga mlango mwingine: halina tena kisakinishi wala kiini cha kompyuta za Intel za biti 32. Hili linagusa shule zetu. Mwalimu wa Keroka, mji ulio mpakani mwa Kisii na Nyamira, akiletewa kompyuta kuukuu za msaada, sawa na mwenzake wa Kilifi au Lamu, aulize kabla ya kushukuru: ni za biti 32 au 64? Kwenye Linux, amri ya lscpu itamwambia. Za 64 zina maisha. Za 32 zinaweza kubaki na Debian 12, iliyopangiwa marekebisho ya usalama hadi Juni 2028. Baada ya hapo ni mzigo wa kabati.

Kazi hii ya kuhamisha programu ningependa kuiona mikononi mwa vijana wa Chuo Kikuu cha Kisii na cha Pwani. Hata kununua kibao cha RISC-V si lazima. QEMU, ambayo nayo ni huria, huiga prosesa hiyo ndani ya kompyuta ya kawaida, polepole kidogo.