Sukari na Saumu: Shahidi wa Siku 14

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Mimi, msomaji mpenzi, nina kisukari mwaka wa tisa huu, na maradhi yangu sikuyaficha kwa watu. Niliyaficha kwa daftari. Nalikuwa nikijidunga kidole alfajiri tu, kabla ya kutia kitu kinywani, kwani nilijua saa hiyo hesabu huwa njema. Baada ya mahamri na mbaazi kipimo nilikiacha sandukuni. Tabibu akisoma daftari langu hustaajabu: hesabu nzuri, na macho yaanza kufifia!

Mwezi wa Shaaban nilimwendea nikamwambia nia yangu ya kufunga Ramadhani kama ada. Akanijibu, "Mzee wangu, mwaka jana ulianguka msikitini katika tarawehe. Siwezi kukuruhusu wala kukukataza mpaka nijue sukari yako hufanya nini mchana kutwa." Ndipo aliponishauri nivae kihisi.

Kihisi ni kidude cha duara, upana wake kama sarafu kubwa, kinachobandikwa nyuma ya mkono, baina ya bega na kiwiko. Sindano hutangulia, huacha uzi mwembamba chini ya ngozi, kisha hutoka. Mpwa wangu ndiye aliyenibandika. Nalikuwa nimefumba macho kungojea uchungu, mara nikamsikia, "Mjomba, tayari." Nikangoja saa nzima kipate joto, halafu hesabu zikaanza kuingia katika simu yangu.

Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza cha namna hii mwaka 1999. Kile kilivaliwa siku 3 tu, na hesabu zake zilisomwa na tabibu baadaye, si na mgonjwa mwenyewe. Mwaka 2014 Ulaya ikapata FreeStyle Libre, inayodumu siku 14. Yafaa kujua kwamba kidude hiki hakipimi damu, bali hupima maji yaliyo baina ya chembechembe za mwili. Kwa hiyo huchelewa dakika chache nyuma ya damu. Tena ukilalia mkono ule, chaweza kudanganya. Usiku wa pili king'ora kiliniamsha kwamba sukari imeshuka. Nilipodunga kidole nikakuta 6.0, hesabu ya mtu mzima wa afya. Ukiona hesabu haiafikiani na hali yako, kidole ndicho kiamuzi.

Waama, mchana hakikunidanganya. Siku ya kwanza nilikula kama desturi yangu, mahamri manne na chai ya sukari. Kutoka milimoli 6.1 kwa lita nikapanda hadi 14.8, na mshale ungali watazama juu. Nikajiona kama mtu anayesomewa barua yake hadharani. Sisi washairi twasema utungo usiotimiza kanuni ni guni. Basi daftari langu la miaka yote ile lilikuwa guni.

Alhamisi nikafunga sunna ili nijijaribu. Adhuhuri nilikuwa 5.4. Saa tisa alasiri king'ora kikalia: 3.6. Kidole kikasema 3.5, na mikono yatetemeka. Magharibi ilibakia saa tatu na zaidi, nikasema moyoni nitavumilia. Mke wangu akaja na kisahani cha tende. "Bwana, aliyefaradhisha saumu ndiye aliyempa mgonjwa ruhusa. Wataka kuwa mkali kuliko Yeye?" Nikala tende tatu huku machozi yanitoka. Baada ya robo saa nikawa 4.6.

Siku 14 zilipotimia, tabibu alizisoma zote. Akabadilisha kipimo cha insulini yangu na wakati wake, akaniwekea mpaka: chini ya 3.9 au juu ya 16.6 nifungue papo hapo, hata adhana ikiwa karibu. Ramadhani nikafunga siku 22. Nane nitazilipa inshallah, na tabibu akinikataza, nitarudi kwa maulamaa. Wako wagonjwa ambao tabibu hawaruhusu kufunga hata siku moja, basi kila mtu na aulize lake. Kujipima hakubatilishi saumu. Udhu nao hauna tatizo, kwani kidude kiko juu ya kiwiko. Josho kubwa ni mas'ala ya kuwauliza wenye elimu.

Bei yake si ya kila mfuko, na sitamlaumu asiyeweza. Lakini mwenye kipimo cha kidole tu aweza kupata faida hii kubwa: ajidunge saa anazoziogopa, yaani saa mbili baada ya chakula, na alasiri anapofunga, kisha aandike alichokiona, kizuri na kibaya. Tabibu hutibu anachoambiwa. Mimi nilimwambia uongo miaka minane, na macho yangu ndiyo yaliyolipa.