Majina, Vyeti na Ndoa za Ugenini: Mfano wa Migato

Migato ni kata katika wilaya ya Itilima, mkoa wa Simiyu, na wenyeji wake wengi ni Wasukuma, watu wa pamba na ng'ombe. Kwa desturi yao ndoa ni shauri la koo mbili. Wajumbe hutumwa, ng'ombe wa mahari huhesabiwa mbele ya wazee, na ushahidi wa mambo yote hubaki katika vichwa vya walioona. Atakaye kujua kama binti wa fulani ameolewa humwuliza jirani. Lakini kijana wa huko akitaka kuoana na mgeni, tena katika nchi ya huyo mgeni, ushahidi wa jirani haufiki mbali, kwa maana karani wa London au Hamburg hawezi kumwita mzee wa Migato aje kusema. Yeye hutaka karatasi, na kila karatasi ni maneno; hapo ndipo shauri la ndoa linapogeuka kuwa shauri la lugha.

Kanuni zenyewe hazifanani. Katika Uingereza na Wales wachumba hutoa taarifa, nao hungoja siku 28, ambazo zaweza kuongezwa mpaka 70 ikiwa mmoja wao ni mgeni asiye na haki ya kukaa. Kanuni za madai za Ujerumani, katika kifungu cha 1309, zamtaka mgeni alete cheti kutoka kwao kuonyesha kwamba sheria ya nchi yake haimzuii kuoa. Marekani humpa mchumba wa raia wake ruhusa ya kuingia kwa sharti la kufunga ndoa katika siku 90. Oman ilikuwa ikiwadai raia wake kibali maalumu cha kuoana na wageni, hata amri ya Kisultani Na. 23 ya mwaka 2023 ilipoliondoa sharti hilo. Katika nyingi za njia hizi Mtanzania huulizwa mambo mawili: yeye ni nani, na je, yu huru kuoa au kuolewa?

Swali la kwanza laonekana jepesi. Na achukuliwe, kwa mfano tu, binti wa kubuni aliyezaliwa wa kwanza katika mapacha, jina lake Kulwa, baba yake Ng'wandu, babu yake Masanja. Sauti ya r haimo katika Kisukuma cha asili, kwa hiyo nyumbani ni Kulwa. Lakini kamusi za Kiswahili zina neno kurwa, lililo ndugu wa doto, na mwalimu aliyeandikisha darasa la kwanza akaandika Kurwa. Jina la baba lina taabu zaidi. Sauti ya ng' yajulikana sana katika Kiswahili, lakini kuifuatisha na w si mazoea ya Mswahili, basi mwandishi mmoja husikia na kuandika Mwandu, na mwingine, kama vile katekista aliye Msukuma mwenyewe, huandika Ng'wandu. Hatimaye yaja pasi ya kusafiria. Katika mistari ya chini ya pasi, ile isomwayo na mashine, kanuni za kimataifa haziruhusu alama ya king'ong'o, na jina huwa NGWANDU. Kwa Mswahili hili si jambo dogo, maana alama hiyo ndiyo itenganishayo sauti ya kwanza ya ng'ombe na ile ya ngoma. Basi mtu mmoja sasa ana baba watatu katika karatasi, nao wote ni mtu yule yule aliyeko shambani akipalilia pamba.

Juu ya hayo kuna mpango wa majina. Mtanzania aghalabu hujiandika kwa jina lake, la baba na la babu. Karani wa Ulaya hulichukua la mwisho kuwa ni jina la ukoo, akamwita binti Masanja. Kisha akitazama cheti cha baba, huona kwamba jina la mwisho si Masanja bali ni la baba yake Masanja, akaanza kushuku kwamba huyu si baba wala huyu si mwana. Karatasi hizo ni sahihi. Kilichokosekana ni maelezo ya mistari miwili, na maelezo hayo yafaa yaambatanishwe tangu mwanzo.

Hata mahali pa kuzaliwa pana mgogoro wake. Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012, na Itilima ikakatwa kutoka Bariadi wakati huo. Aliyezaliwa Migato kabla ya hapo alizaliwa wilaya ya Bariadi, mkoa wa Shinyanga, na cheti chake cha zamani chasema hivyo; barua ya Mtendaji wa Kata iliyoandikwa juzi yasema Itilima, Simiyu. Kijiji hakikuhama hata hatua moja.

Dawa ya kawaida ni hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu, yenye kutaja kila umbo la jina na kusema kwamba yote ni ya mtu mmoja. Hiyo yatosha kwa tofauti ndogo. Lakini viapo vitatu juu ya jina moja humtia karani shaka kuliko kosa lenyewe, na ni afadhali kukishika cheti cha kuzaliwa kiwe shina, kisha karatasi nyingine zisahihishwe kukifuata.

Swali la pili ndilo zito. Sheria ya Ndoa ya Tanzania, Na. 5 ya mwaka 1971, yamwezesha Msajili Mkuu kutoa hati ya kwamba hakuna kizuizi, na kazi ya usajili sasa iko katika RITA, wakala ulioanzishwa mwaka 2006. Mwombaji hutakiwa kueleza hali yake, na Kiswahili humpa maneno ya hatari. Kwanza, fomu ya kigeni huwa na neno moja kwa mume na mke, ambapo Kiswahili husema mume hajaoa na mke hajaolewa. Pili, kiambishi -ja- hukanusha yote yaliyopita mpaka leo. Mjane na mtalaka hawawezi kusema kwa kweli kwamba hawajaolewa, ingawa sheria yawaona kuwa huru. Mfasiri mwangalifu ataandika kwamba mtu huyu hana ndoa hivi sasa, kisha ataje hali iliyotangulia.

Na achukuliwe tena binti yule. Tuseme aliolewa kwa mila akiwa kijana, wakashindwana, na ng'ombe wakarudishwa. Kwa wazee shauri limekwisha, naye atajibu kwa moyo safi kwamba hana mume. Lakini Sheria ya 1971 huitambua ndoa ya kimila hata isipoandikishwa, wala haitambui kurudishwa kwa ng'ombe kuwa talaka. Talaka ni amri ya mahakama. Kiapo chake, alichokitoa bila hila, kitakuwa cha uongo, na ndoa ya pili itakuwa batili machoni pa sheria ya kwao, maana ndoa iliyofungwa ng'ambo hutambuliwa Tanzania iwapo tu imefuata utaratibu wa huko na wote wawili walikuwa na haki ya kuoana. Watakaoipata taabu hiyo ni watoto, siku ya mirathi. Kwa hiyo mwanamke wa namna hii apitie mahakamani kwanza, hata kama safari itachelewa.

Zikiisha kupatikana, karatasi za Kiswahili hufasiriwa, na Baraza la Kiswahili la Taifa ni miongoni mwa wafanyao kazi hiyo na kuithibitisha. Halafu hufuata mihuri. Nchi zilizomo katika mapatano ya Hague ya mwaka 1961 hutosheka na muhuri mmoja, na jirani Burundi iliingia humo mwaka 2015. Pale mapatano hayo yasipotumika, karatasi hupita Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa nchi iendewayo. Mfasiri asithubutu kusahihisha jina kwa kulinganisha na pasi. Likiwa Kurwa katika cheti cha shule, liandikwe Kurwa, na tofauti ielezwe pembeni, kwa kuwa karani wa ng'ambo hushika cheti cha asili kwa mkono mmoja na tafsiri kwa mkono wa pili, akalinganisha herufi kwa herufi.