Maumivu ya pia ya goti: Tiba ni mazoezi

KATIKA mji wa kale wa Lamu, mwendo ni wa miguu au punda, na nyumba nyingi za mawe ni za ghorofa. Anayeumwa na pia ya goti huyahisi maumivu kila anapoteremka ngazi, anapochuchumaa au anapoketi muda mrefu.

Pia hiyo huteleza katika mfereji ulio mwisho wa mfupa wa paja. Misuli ya paja na nyonga ikidhoofika, au goti likiongezewa kazi ghafla, sehemu hiyo hulemewa.

Wengi huamua kulala tu, kumbe misuli huzidi kulegea. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa na Cochrane mwaka 2015 ulionyesha kuwa huenda mazoezi yakapunguza maumivu hayo.

Mgonjwa alale chali, akunje goti moja na kuuinua polepole mguu mwingine ukiwa umenyooka. Kisha alale ubavu, auinue mguu wa juu. Arudie mara 10 kila upande. Baadaye apande na kushuka kidato kimoja kifupi.

Nafuu huchukua wiki kadhaa, hivyo asikate tamaa mapema. Lakini goti likivimba, likikwama au likiuma baada ya kuanguka, amwone daktari kwanza.