Sura ya Tano: Baada ya Kuanua Tanga

Siku ya kuanua tanga, mikeka ikishakunjwa na masufuria ya kukodi yakishahesabiwa, wazee hukaa kikao. Daftari la rambirambi linasomwa, madeni ya marehemu yanatajwa, kisha mtu anauliza: "Na hawa watoto?" Bibi anasema atabaki nao, au shangazi anamchukua mkubwa na mjomba anaondoka na mdogo. Watu wanashukuru, wanakunywa chai, wanapanda basi. Mtoto ameshagawiwa. Gharama zake hazikugawiwa, na kikao cha kuulizia maendeleo yake kwa kawaida hakiitishwi tena.

Uamuzi ule wa mkekani si wa bure. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakubali kwamba wazazi wakifariki, wajibu wa malezi unaweza kuhamia kwa ndugu kwa amri ya mahakama au kwa utaratibu wa kimila. Shida huanzia madirishani. Shule inataka cheti cha kuzaliwa. Mfuko wa hifadhi ya jamii unataka cheti cha kifo na uthibitisho wa msimamizi wa mirathi, na msimamizi huyo pengine ni baba mkubwa aliyeko mjini, wakati watoto wako kijijini kwa bibi yao. Mafao ya marehemu yanaweza kutoka na bibi asijue hata kama yalikuwepo. Kwa hiyo ndugu anayetaka kusaidia kweli aanze na karatasi: apange foleni RITA, ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, afuatilie faili Mahakama ya Mwanzo, atoe nakala za kila hati na kumwachia mlezi seti yake. Kazi hiyo inachosha na haina sifa, ndiyo maana wenye kuitaka ni wachache.

Shuleni mambo yamepungua uzito, hayakuisha. Ada iliondolewa hadi kidato cha nne kuanzia 2016, lakini sare, viatu, madaftari na nauli vimebaki mezani kwa mlezi. Ndugu huvikumbuka Januari, wakavisahau kuanzia Februari. Shilingi elfu kumi na tano inayoingia kwenye simu kila mwezi, tarehe ileile, ina faida kuliko laki moja ya siku ya Idi, kwa sababu mlezi anaweza kuipangia.

Zawadi nazo zina namna yake. Mjomba anafika Jumapili na gauni jipya la yatima, na watoto wa mwenye nyumba wanabaki kutazama. Akishaondoka, ugomvi utakaozuka usiku atausuluhisha shangazi. Heri angeleta kilo tano za mchele na sabuni ya mche, zikaliwa na kutumiwa na wote. Mgeni wa gauni, kwa bahati mbaya, ndiye pia hupenda kuuliza mbona mtoto amekonda.

Wapo pia waliomwachia mlezi fedha apange mwenyewe. Mkoa wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, uliona vijiji ambamo mabibi walizika wanao na kuanza kulea upya. Kule Muleba, mradi wa Kwa Wazee ulioanza 2003 ulichagua kuwapa wazee fedha taslimu, wakiwemo mabibi wanaolea wajukuu, badala ya kuwaamulia mahitaji. Ninaiona hiyo kuwa heshima iliyostahili: aliyelea watoto wake saba hahitaji kufundishwa kununua chumvi. Kenya nayo ilianza kulipa kaya zinazolea yatima mwaka 2004, na Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi aliyetimiza miaka 70 Sh 20,000 kwa mwezi. Pensheni hiyo haikuandikwa kwa jina la mtoto, lakini kwa bibi mwenye wajukuu inaishia chungu kimoja.

Kuna jambo moja ambalo ukoo huogopa kulitamka: bibi wa miaka 70 akiugua, mjukuu aliye darasa la tatu aende wapi? Kulisema si kumtabiria mzee kifo. Mlezi wa pili atajwe mapema, na mtoto mwenyewe aulizwe, maana Sheria ya Mtoto inampa haki ya kutoa maoni yake. Kisha likizo ya Desemba aende kwa huyo mlezi. Bibi atapata mwezi wa kulala mchana, na mtoto atajua choo kiko wapi, nani mkali, na ni nani anayeamka wa kwanza kuwasha jiko.