Kaboni ya mikoko Ngomeni: miche yahesabiwa, tope laachwa

Kila anayekuja Ngomeni, pwani ya Kenya, kunadi biashara ya kaboni huanza na Gazi, kule Kwale. Tangu 2013 wanakijiji wa huko wanauza kaboni ya mikoko yao: hekta 117, takriban tani 3,000 za kaboni dioksidi kwa mwaka. Mfano ni mzuri, ila Gazi haikuzungukwa na mabwawa ya chumvi.

Ukanda wa Ngomeni, Gongoni na Kurawa ndio unaotoa sehemu kubwa ya chumvi ya Kenya. Yapo pia mabwawa ya kamba ya zamani. Sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa mikoko, na kaboni nyingi ya mkoko haimo kwenye shina bali kwenye tope. Maji ya bahari yakilifunika, hewa haipenyi na mizizi iliyokufa huoza polepole mno. Tuta likiziba maji na tope likakauka, vijidudu huila akiba hiyo na gesi hupanda hewani miaka na miaka.

Mfanyabiashara mmoja wa miche, aliyeomba asitajwe, ana malalamiko marefu. Anasema wanunuzi huhesabu miche siku ya kupanda, picha zikapigwa, kisha hawarudi kuona iliyoshika. Vikundi hupelekwa kwenye michanga iliyo wazi mbele ya mawimbi, ambako mkoko haukuwahi kuota, kwa kuwa mahali pake pa asili pana tuta na hati ya mtu. Malipo huchelewa, nao akina mama waliookota mbegu humdai yeye, si mradi. Swali lake ni moja: kama mche wake una bei, mbona gesi ya tope lililochimbwa haina mdaiwa?

Afisa mmoja, naye bila jina, hujibu kwa tarakimu: sheria ya Kenya ya 2023 kuhusu biashara ya kaboni inataka miradi ya ardhini iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato. Asilimia 40 ya kiasi gani, na vitabu atavikagua nani, hakufafanua. Wazee waliotoa ushahidi katika uchunguzi wa hadhara kuhusu uzalishaji wa chumvi katika ukanda huu, katikati ya miaka ya 2000, walishasikia ahadi nyingi kama hizo.

Wataalamu wanaona faida ya haraka zaidi ingekuwa kubomoa matuta ya mabwawa yaliyoachwa, maji yaingie, tope lilowe tena. Huenda ikawezekana. Lakini mnunuzi wa kaboni hudai kwanza uthibitisho wa nani mwenye ardhi, na Ngomeni swali hilo halijapata jibu moja.