Istilahi za Hali ya Hewa kwa Ndege Zivukazo Bahari

Kisiwa cha Rodrigues kiko peke yake katika Bahari ya Hindi, yapata kilometa 600 mashariki ya Mauritius. Ndege ikifika huko ikakuta kiwanja kimefunikwa na mawingu mazito, hapana kiwanja cha jirani cha kukimbilia. Kwa viwanja vya upweke namna hii, kanuni za kimataifa huitaka ndege ya jeti isiyo na kiwanja mbadala ichukue mafuta ya kuitosha kuruka yapata saa 2 zaidi baada ya kufika. Tena njiani pana mahali ambapo, ikishapapita, haiwezi kurudi ilikotoka. Kabla ya hapo rubani hukata shauri, na hukata kwa maneno ya watabiri.

Maneno hayo huja kwa namna tatu, nasi tumezoea kuziita zote “utabiri wa hali ya hewa”. Mazoea hayo hayamfai mfasiri. Namna ya kwanza ni taarifa ya hali iliyopimwa kiwanjani, itolewayo kila saa au kila nusu saa. Hiyo haitabiri lolote, bali yaeleza yaliyokwisha kuonekana. Ya pili ni utabiri wa kiwanja, ambao kwa safari ndefu hutolewa kwa saa 24 au 30, nao wahusu kiwanja na ujirani wake tu. Ya tatu ni onyo kwa walio angani kuhusu ngurumo, msukosuko mkali wa hewa, kuganda kwa barafu juu ya ndege, majivu ya volkano au kimbunga. Kwa kawaida onyo halizidi saa 4. La kimbunga au la majivu ya volkano laweza kufika saa 6.

Twapendekeza “onyo” kwa makusudi. Neno “tahadhari” limekwisha kupewa kazi na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania: katika matangazo yake kwa wananchi ni daraja lililo kati ya “angalizo” na “tahadhari kubwa”. Onyo la rubani halina madaraja hayo.

Juu ya bahari kuu vituo vya kupimia ni haba mno. Watabiri hutegemea setilaiti, meli, maboya na taarifa za marubani wenyewe. Kwa hiyo kila onyo husema kama jambo limeonekana au linatarajiwa, na mfasiri aandikaye “kuna ngurumo” kwa yote mawili ameifuta tofauti ambayo mtabiri aliiweka kwa uangalifu.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika utabiri wa kiwanja. Ujumbe wenyewe huandikwa kwa vifupisho vya kimataifa, lakini mwalimu wa chuo na mwandishi wa ripoti hulazimika kuvieleza kwa Kiswahili. Kimoja humaanisha mabadiliko ya kupita, ambayo kila mara hudumu chini ya saa 1, na kwa jumla hayafiki nusu ya muda uliotajwa. Kingine humaanisha kwamba hali itageuka na kubaki hivyo. “Baadaye mvua” yaweza kubeba maana zote mbili, na mwenye mafuta ya kuzunguka kwa saa 1 hawezi kuzichukulia kuwa sawa. Yafaa tuseme “kwa vipindi vifupi” kwa la kwanza, na “kugeuka kuwa” kwa la pili. Ama kuhusu yamkini, utabiri huu hutaja asilimia 30 au 40 tu. Jambo likifika asilimia 50 huandikwa kama litarajiwalo. “Huenda” ni neno zuri la mazungumzo, lakini hapa tarakimu iandikwe.

Limebaki suala la upepo. Upepo huitwa kwa upande utokako: kaskazi hutoka kaskazini, na kusi kusini, mabaharia wetu hawakuhitaji kufundishwa. (Umande nao ulikuwa upepo wa nchi kavu, leo wengi wanaujua kuwa matone ya asubuhi tu, basi tusiutumie kwa marubani.) Mkondo wa bahari ni kinyume, hutajwa kwa upande uendako. Hivyo “upepo wa kaskazini” na “mkondo wa kaskazini” katika ukurasa mmoja ni vitu viendavyo pande mbili. Tuandike “upepo uvumao kutoka kaskazini” na “mkondo uelekeao kaskazini”, ijapokuwa sentensi itarefuka.